Njia Nyepesi, Ndanda

Daktari kasema atembee, ila polepole,
asiiname, asibebe kitu, vumbi limwepuke.
Jicho la kulia limezibwa kwa pamba nyeupe,
la kushoto linangoja zamu yake Alhamisi.
Basi tumetoka, mimi na mama, saa kumi na mbili na nusu,
jua bado liko kwetu mlimani,
halijaamua kushuka bondeni.

Engelbert, muuza ming'oko wa getini pa hospitali,
ametuelekeza kwa kijiko cha pilipili:
"Njia ziko tatu, zote nyepesi.
Moja inazunguka bwawa, ya wajawazito na wenye bandeji.
Moja inafuata bomba mpaka chemchemi,
nusu saa, kivuli tele, kuna mawe ya kukalia.
Ya tatu inapanda mpaka juu kabisa.
Hiyo ni nyepesi kwa sisi."
"Sisi nani?" mama akauliza.
Kijana akacheka, akaongeza ming'oko miwili ya bure.

Tumechagua ya bomba. Yaani mama kachagua:
nainuka kutoka kufunga kamba za viatu,
naona mgongo wake tu.

Bomba linatangulia, lina kutu mabegani.
Penye kiungo linavuja, tone, kisha tone,
na chini ya tone pameota magimbi
ambayo hakuna aliyeyapanda.
Nasema, mama, jiwe.
Nasema, mama, mzizi huo.
Anasema, nyamaza, nasikiliza miguu.

Kisha anasimama. Anavua ndara.
Kisigino kinapapasa udongo mwekundu
vile anavyopapasa sarafu gizani
kutenga mia na mia mbili.
"Hapa palikuwa na kona. Wameinyoosha.
Hapa ndipo Somoe alipoteleza na mtungi.
Tulimcheka kwanza.
Halafu kila mmoja akamtilia kata moja kwenye sufuria ya kuazima,
akafika nyumbani na maji mengi kutushinda."

Nilijua kwamba juu kwetu hapakuwa na maji
kama ninavyojua kwamba babu alikuwa na meno.
"Tulitoka jogoo wa kwanza, tukarudi jua la utosi.
Kushuka unashuka na usingizi.
Kupanda unapanda na mtungi, na mimba,
na matusi ya kuimba kwa wanaume waliolala.
Wewe mwenyewe umepanda hapa, tumboni,
mara nyingi kuliko utakavyopanda kwa hivyo viatu."

Nikavitazama viatu. Vya Mtwara mjini,
nusu gunia la korosho.

Chemchemi yenyewe haina mbwembwe.
Maji yanatoka chini ya mwamba kama mtu anayetoka msibani,
kimya, bila kuaga.
Walimu wawili kutoka Masasi wanapigana picha,
mmoja ameshika chupa ya dukani, maji ya bonde hilihili,
yamevalishwa karatasi ya bluu.
"Bei gani hiyo?" mama akauliza.
"Elfu moja, bibi."
Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine,
mitungi, safari, miaka,
akaishia njiani, akaanza upya, akaacha.
"Kumbe niliwahi kuwa tajiri," akasema.
"Tena utajiri wa kichwani."

Haruhusiwi kuinama. Nikachota kwa viganja,
akanywa mikononi mwangu, kidevu kikichuruzika,
mkono wake mmoja ukilinda pamba.
Ladha ileile? nikamuuliza.
Akayazungusha mdomoni. Ladha ya jiwe, ipo.
"Yale yalikuwa na haraka ndani yake."

Tulipogeuka akataka chupa yetu iliyojaa, aiweke kichwani,
mpaka penye magimbi tu.
Daktari kakataza, nikasema. Nitabeba mimi.
Nikaiweka utosini, mikono yote miwili juu,
nikapiga hatua moja, ikaanguka.
Hata hakugeuka. Aliisikia tu.
"Siyo mikono," akasema, akiendelea kushuka pekupeku.
"Shingo, mwanangu. Shingo."