Kaunta Nambari Nne

Usiku wa kwanza sikupata usingizi.
Nilihesabu hatua, kitandani hadi mlangoni:
kumi na moja. Zilezile.
Hapa palikuwa na kaunta nambari nne,
na nyuma yake mimi, miaka sita,
nikipitisha unga, sabuni, mafuta ya kupikia
mbele ya mashine iliyolia ti, ti,
hata ndotoni, ti.

Duka halikufa siku moja.
Zilianza rafu za mchele, zikafuata za sukari,
tukabaki na viberiti
na kadi za Krismasi mwezi wa Aprili.
Meneja akasema, ni likizo.

Miaka tisa Neema Plaza ilisimama macho wazi,
vumbi la Menengai likilamba vioo,
popo juu, mlinzi chini
akilinda kufuli.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Hii ilikuwa mlango mtupu.
Nami Kaptembwo, choo kimoja watu thelathini,
kila tarehe tano nikimlipa kodi
mtu nisiyemjua sura.
Alfajiri nilipita hapa kwenda Milimani kufua nguo za watu,
nikiuliza kimoyomoyo:
jumba lote hili, analala nani?

Ndipo akaja Opondo na mafundi wake,
wakatoboa paa katikati, sakafu hadi sakafu,
wakaacha shimo refu la anga.
Nilidhani wamekosea.
"Dada, duka halihitaji mchana," akaniambia,
simiti imemjaa kwenye kope.
"Duka lataka taa tu. Mtu ndiye anayetaka jua."

Sasa saa nne asubuhi jua hushuka
hadi kwenye karai la Bi Nyambeki,
pale palipokuwa na friji za maziwa.
Stoo ya nyama ni chumba cha kufulia;
watoto wanasema bado ina baridi ya ng'ombe.
Kwenye nguzo yangu kuna kibandiko chekundu: PUNGUZO.
Fundi wa rangi alitaka kukikwangua.
Nikamwambia, kiache. Ndiyo bei niliyoipata.

Lakini kura ni kura.
Vyumba sitini na vinne, majina elfu mbili na zaidi.
Muhonja wa kaunta nambari tano
jina lake halikutoka.
Huja Jumapili na mkate,
husimama ukumbini, mahali pake hasa,
haambiwi, miguu inajua.
Haulizi kodi ni ngapi. Anajua.
Mimi nami simwambii jinsi mvua inavyosikika
juu ya zege, jinsi ilivyo mbali.

Jumapili iliyopita alinyoosha mkono,
sauti ileile ya kazini, tamu, ya kuchoka:
"Una kadi ya pointi, mama?"
Tukacheka mpaka Bi Nyambeki akachungulia.
Kisha akachukua mkoba wake
kabla giza halijaingia,
na hatua kumi na moja
nikazihesabu zikiondoka.