Swali la Kumi na Nne

Kalamu leo nashika,
mkono watetemeka,
si kwa uzee, ni shaka
iliyonikaa ndani.

Wanijua, mimi Lali,
nyumba ya antena mbili,
mtungaji wa maswali
ya leseni ya hewani.

Chama chetu watu sita,
sote mvi zatupata,
kila usiku twavuta
sauti za ugenini.

Zilipokuja rahisi
redio ndogo, nyepesi,
tukapatwa wasiwasi:
watajaa masafani.

Mwenyekiti akanena:
"Mlango tunao, bwana.
Kaza mtihani sana,
wabaki huko dakani."

Daka, kwa usiyejua,
ni baraza ya kutua,
mgeni kumpokea,
kisha apite nyumbani.

Sisi tukaligeuza
pahala pa kuumiza,
nami ndiye nikakaza
komeo lake kwa ndani.

Swali la kumi na nne
lauliza valvu nene;
usidhani uzione
isipokuwa jaani.

Akatokea Batuli,
fundi wa simu, mkali,
na ada yake kamili
ameifunga lesoni.

Feni mbovu kaokota,
waya wake akavuta,
akasokota, sokota
antena juu darini.

Vipigo akisikia,
nukta na kistari pia,
yeye hukutafsiria
huku mwiko u chunguni.

Wakanong'ona wazee:
"Huyu dakani akae,
wenziwe wasitujie;
kwao ni Kizingitini."

Kajibu kumi na tatu
bila kutazama watu;
kufika swali la kwetu,
kalamu kaweka chini.

"Swali hili, baba Lali,
lakinga ajali, kweli,
ama lamkinga nani?"
Sikuwa na jibu hili.

Nikasema: "Ni sheria,"
wekundu nikautia,
kwa upole namwambia:
"Jaribu tena mwakani."

Usiku nikakumbuka
leseni nilivyoshika:
mkaguzi kaandika
chai ikiwa mezani.

Aliniuliza jina,
waya upi wa hiana,
kisha akacheka sana,
"Ingia," kasema, "ndani."

Lile swali nikasoma,
mara tatu nikazama,
jibu lake limehama,
haliko tena kichwani.

Sineni uondolewe;
umeme usichezewe,
na rubani asitiwe
kelele masikioni,

ndege ikishuka Manda
na mvua imetanda:
hapo swali nalipenda,
liulizwe kwa makini.

Ila swali la kuchuja
nani wetu, nani mja,
hilo si swali, kioja,
ni ukuta kalamuni.

Sita leo ni watatu,
masafa yote ni yetu,
twaitana: "Kuna mtu?"
Kimya chajibu hewani.

Jana nikapita kwake,
yuko na vijana wake,
awagongea, washike,
kijiko juu ya sini.

Nikashindwa kuingia;
nje nami nawasikia
wagonga wakirudia
neno moja: nani? nani?

Kwenye jiwe nikaketi
la daka, mtu wa cheti,
nikatafuta sauti
ya kujibu mlangoni.