Waliazimana

Mwaka ule kumbukumbu za baraza la ardhi, Dodoma,
bado ziliandikwa kwa Kiingereza,
na mimi ndiye niliyekaa katikati,
kati ya kinywa cha shahidi na kalamu ya mwenyekiti,
kwa mshahara wa mwezi na chai ya saa nne.

Walikuja watu wa Mpunguzi.
Ekari mbili za udongo mwekundu, mistari saba ya mizabibu,
na bomba lililoacha kutoa maji tangu uchaguzi uishe.
Upande huu Bibi Mbeleje Masinga.
Upande ule Hezekia, mtoto wa marehemu Ndahani.

“Mwaka wa njaa,” bibi alisema,
“mume wangu na Ndahani waliazimana shamba.”
“Nani alimwazima nani?”
“Yule alimwazima mwenzake.”
“Yupi, mama?”
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
kama mvua hunyesha kutoka juu au kutoka chini.
“Si nimesema? Waliazimana.”

Mwenyekiti akagonga meza kwa kifuniko cha kalamu.
Kiingereza, alinikumbusha, hakina kuazimana.
Kina lend, mkono unaotoa.
Kina borrow, mkono unaopokea.
Chagua mkono, karani, watu wana njaa.

Tofauti hiyo niliijua tangu kidato cha pili.
Mwalimu alichora ubaoni mshale wa kwenda
na mshale wa kurudi, chaki ikalia.
Akaongeza rob na steal:
la kwanza humshika mtu, la pili hushika kitu.
Nikakariri yote, nikapata tisini na mbili.
Hakutuambia ni lipi kati ya hayo
hutumika kwa mkalimani.

Na azima kwetu ni nini?
Ni jembe likienda, ni jembe likirudi
na tope la shamba la jirani.
Ni karatasi ya mganga iliyoshonewa ndani ya ngozi,
mtoto aivae shingoni asishtuke usiku.
Kamusi inanipa azimisha,
neno safi, lililopigwa pasi,
ambalo sijawahi kulisikia Mpunguzi
hata siku moja, hata kwa mlevi.

Waliokuwa na jibu wamelala chini wote wawili.
Mwaka ule walikula mlenda mtupu,
na ng’ombe wa huyu alilala zizini kwa yule,
na mbegu ya uwele ya yule iliota kwa huyu,
na hakuna aliyechora mshale.

Feni ilizunguka bila kutoa upepo.
Saa saba kasorobo.
Nikasema: borrow. Mume wake ndiye aliyepokea.
Kwa nini? Labda kwa kuwa alitajwa kwanza.
Labda kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa karibu na ulimi,
kama kijiko kilicho juu ya vyombo vingine.
Mwenyekiti akaandika. Wino ukakauka kabla sijameza mate.
Bibi Mbeleje akaweka dole gumba
chini ya neno asilolijua,
akajifuta wino kwenye ukuta wa serikali.

Wiki tatu baadaye, hukumu.
Shamba likaenda kwa Hezekia.
Bibi hakulia. Aliuliza tu
kama zabibu za msimu huu atachuma nani,
maana zimeshaanza kuiva.

Jioni niliwaona kituoni, wakisubiri gari la Mpunguzi.
Yeye na hukumu yake ndani ya bahasha ya plastiki,
akijipapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa nyuma.
“Bibi,” alisema, “niazime nauli.”
Na mimi, nyuma ya muuza karanga,
nililijua neno lake kwa Kiingereza, bila shaka yoyote,
tena papo hapo.
Bibi akafungua kopo la ugoro, akamwaga sarafu kiganjani,
akahesabu za watu wawili.
“Na ile ya juzi,” akasema, “hujarudisha.”

Wakapanda.