Kilomita Zisizo Zangu

Kurasini, alfajiri, kwenye foleni ya geti.
Miaka ishirini nimekalia viti vilivyovikwa nailoni
ambayo sikuruhusiwa kuichana.
Magari mia nane na kitu,
niliacha kuhesabu mwaka wa zile Noah nyeupe.
Nayatoa hapa, nayakabidhi Tunduma,
narudi kwa basi, magoti kifuani,
bisibisi mfukoni, kama mtu anayetoka kuzika.

Nayajua kuliko watakaoyalipia.
Hili lilivutiwa sigara. Lile lilibeba mbwa.
Kwenye kidroo cha moja nilikuta risiti ya mafuta,
jojo mbili, na hirizi ya hariri nyekundu.
Nikampa Atuganile, akailalia chini ya mto,
tukapata Lusekelo.
Na kila nikiwasha, yule mwanamke wa Kijapani
ananiambia neno moja refu, kwa adabu,
nami namjibu: Marahaba, mama, twende.
Sikujua kama ananisalimu
au ananionya.

Siku hizi geti linapiga miayo.
Tatu Kilindo, wakala wetu, anakuja na simu mbili,
zote zimenyamaza.
Mteja wa Lubumbashi kahamia Beira.
Wa Lusaka anaulizia Walvis Bay.
"Siku tatu, Ambakisye. Siku tatu tu za mhuri mmoja,
wametuhama."
Bandari ni wake wenza:
mume mmoja, shaba imejaa mfukoni mwake,
na anayechelewesha chai
husikia kicheko nyumba ya pili.

Jumatano wakashusha moja lisilo na mngurumo.
Dogo, rangi ya mtindi,
pale pa kupitishia hewa pamezibwa bapa.
Nikazunguka nyuma kutafuta ekzosi
kama mkunga anayetafuta kitovu.
Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena.
Shamte wa geti akacheka mpaka kofia ikamdondoka:
"Lilishawaka, mzee. Sasa hivi umelizima."

Nikauliza maswali ya dereva.
Chalinze litafika?
"Litafika."
Mikumi?
"Likibembelezwa."
Kitonga?
Tatu akatazama viatu vyake.
Plagi ya kulichajia huko mbele, akasema,
bado imo kinywani mwa mtu anayehutubia.

Basi wakalipandisha juu ya lori,
wakalifunga minyororo,
likatoka limebebwa juu juu kama mwali siku ya kutolewa ndani.
Na mimi, kungwi wake,
nikabaki kando ya barabara ya Mandela
nimeshika nailoni.

Lusekelo yuko VETA, Chang'ombe.
Anasuka nyaya za mota, anabadili bajaji za watu
kutoka petroli kwenda betri,
anarudi vidole vimeungua, kucha safi.
Hilo la kucha linanisumbua.
Ananiambia: Baba, hesabu si gari, hesabu ni nani analitengeneza.
Tukiunda hapa, watakuja tu, Beira au si Beira.
Namwambia: mwanangu, na umeme ukikatika?
Ananyamaza. Anakula.
Kisha tunacheka, maana taa imezimika kweli,
na wali tunautafuta kwa mkono.

Jana nilimpakia ndani ya Raumu ya mtu wa Ndola,
mpaka mataa ya Tazara tu.
Yule mama akasema neno lake.
Mtoto akasogeza simu kwenye dashibodi,
akasubiri, akasoma.
"Baba, anasema kadi haijaingizwa."
Kadi ya nini?
"Ya kulipia barabara. Barabara za kwao."

Miaka ishirini mwanamke ananidai ushuru
wa njia ambayo sitaikanyaga,
nami namwitikia marahaba.

Taa ikawa kijani. Nyuma wakaanza honi.
Lusekelo akauliza kama aitafute kebo, amzime.
Nikamwambia muache.
Nikabadili gia.