Saa Tisa Hadi Saa Mbili

Saa tisa kasoro dakika nne
Ottilie Brandvold anazunguka nyumba yake kama mwizi asiye na haraka:
pazia la magharibi, shwaa,
pazia la sebuleni, shwaa.
Karatasi ya alumini kwenye dirisha la jikoni,
ile ile ya kufunikia bata mzinga wa sikukuu,
inalirudishia jua mali yake.
Kisha anabonyeza kitufe. Kiyoyozi kinakohoa, kinanyamaza.

Tangu alfajiri alikuwa akiweka akiba ya baridi,
kama mtu anayejaza mitungi akijua bomba litafungwa.
Kuta zimekunywa. Vigae vimekunywa.
Kuanzia sasa umeme unauzwa kwa bei ya ulanguzi,
na pensheni haijapata habari kwamba kuna jua.

Nje ni Arizona, mwezi wa saba.
Kipimajoto cha barazani kimefika mia na kumi na nne
kikagoma hapo.
Usukani wa kigari cha gofu tunaushika kwa glovu za oveni.
Kware wamejipanga kwenye kivuli cha nguzo ya simu,
kivuli chembamba kama mkanda wa suruali,
na kivuli kikihama nao wanahama,
mmoja mmoja, bila kugombana.

Nasi tumewaiga.
Nyumba saba, na kila siku moja tu hupoozwa; sita zinalala zimezimwa.
Jumatatu kwa Ottilie, Jumanne kwangu,
Jumatano kwa Thaddeus, anayeoka biskuti ndani ya gari,
juu ya dashibodi, na kuapa kwamba zimeiva.
Kila mtu na beseni lake, kila mtu na kitambaa chake cha shingoni.
Miguu kumi na miwili majini.
La, kumi na mmoja:
wa kushoto wa Thaddeus ulibaki hospitali.

Mimi na marehemu Lowell tuligombana miaka arobaini
kwa sababu ya kidude cha ukutani.
Mimi nashusha, yeye anapandisha.
"Vaa fulana nyepesi," alikuwa akisema, na mimi nikimlaani kimoyomoyo.
Sasa kidude ni changu peke yangu,
na kidole changu kinakiacha pale pale alipopataka yeye.

Leo Anselmo Baca hakuja.
Alishasema: sipoozwi kwa hisani ya mtu.
Saa kumi, Ottilie akachukua mwavuli, nami wangu,
tukavuka barabara ambayo lami yake ilikuwa inavuta viatu.
Tulibisha. Kimya. Tukabisha tena.
Mlango haukufungwa kwa ufunguo.

Tulimkuta ndani ya bafu la kuogea,
amevaa shati lenye kola, vifungo vyote vimefungwa,
maji yamefika kifuani,
mkononi bili ya umeme, pembe moja imelowa.
"Fungeni mlango," alisema, "mnaniingizia joto."

Kiyoyozi chake hakikuwa kimewashwa tangu Jumapili.
Midomo yake ilikuwa imekauka kama ganda la kitunguu.

Ottilie hakumwonea huruma. Namshukuru kwa hilo.
Alimpa glasi ya maji yenye chumvi kidogo na ndimu,
akangoja aimalize, akasema:
"Changu kimekohoa nilipokizima. Wewe ulikuwa fundi.
Njoo usikilize kitakavyoamka saa mbili."

Anselmo akafikiri.
Kazi ni kazi.
Akatoka, maji yakimchuruzika suruali nzima,
na nyayo zake barabarani zikakauka
kabla hatujageuka kuzitazama.

Tulicheza karata. Alitushinda, akatushinda tena,
akala biskuti ya dashibodi bila kutoa maoni.

Saa mbili ilipotimia Ottilie alibonyeza kitufe.
Anselmo akaweka sikio ukutani, macho kafumba,
kama daktari juu ya kifua cha mtoto.
Sote tukazuia pumzi.

"Sijaridhika," akasema.
"Kesho ni zamu ya nani?
Nacho itabidi nikisikilize."