Hapa Salio Huisha

Saa tatu na nusu usiku, magari ya Kileleshwa yakipungua,
natoa simu kwenye koti la kampuni,
nafuta kioo chake kilichopasuka kwa kidole gumba,
napiga Kariobangi.
"Weka spika, mama Kerubo. Wamelala?"
Hawajalala. Nasikia godoro likilalama,
nasikia Nyakundi akimsukuma dadaye aende ukutani.

Kitabu nilikiokota kwenye pipa la nyumba nambari saba.
Kurasa kumi na tisa, jalada limekunywa chai.
Kunguru amekopa sufuria ya Bata
na hana haja ya kuirudisha.
Nasoma chini ya taa ya kibanda,
wadudu wakisoma nami.

Mimi si msomaji. Niliishia darasa la sita.
Neno refu nalipanda kama ngazi,
silabi, silabi, napumzika,
lakini Kunguru nampa sauti ya kukwaruza,
na Bata namwazima sauti ya mama yangu
alivyokuwa akidai chake: polepole, kwa heshima,
akasimama mlangoni pa mtu mpaka giza limkute.

"Bata akabisha hodi. Akasema, Kunguru, jirani yangu,
ngojeni, honi.
Karibu, mdosi. Usiku mwema, mdosi.
Haya. Jirani yangu, sufuria yangu iko wapi?"

Ukurasa wa ishirini haupo.
Mtu aliung'oa, sijui kwa nini.
Basi kila usiku namalizia ninavyojisikia:
juzi sufuria ilirudi imetoboka,
jana Kunguru alilia hadi Bata akamwonea haya,
leo salio limeisha
Bata angali mlangoni, bawa juu.

Muhula wa pili nikaitwa shuleni.
Nilitoka zamu bila kulala, buti zina tope la bustani za watu.
Mwalimu Syombua, vumbi la chaki kwenye nyusi,
akanikalisha kwenye dawati la mtoto,
magoti yakanifika kifuani.
Nikajiandaa kuomba msamaha,
sijui wa nini.

"Nina watoto sitini na wanane," akasema,
"na kitabu cha Kunguru kimoja.
Nikauliza nani atawasomea wenzake,
Kerubo akanyosha mkono.
Akasimama, akakishika vizuri kabisa,
akaanza: Bata akabisha hodi, akasema,
Kunguru, jirani yangu, ngojeni, honi.
Karibu, mdosi. Usiku mwema, mdosi.
Na hakugeuza ukurasa hata mmoja."

Nikatazama buti zangu.

"Mtoto mmoja nyuma akauliza:
Mwalimu, mdosi ni mnyama gani?"
Hapo akashindwa kujizuia, akacheka,
akajifuta macho kwa mkono wenye chaki.
"Sasa darasa zima, Bata akibisha, wanapiga honi.
Hajui kusoma bado, baba Kerubo. Tutafika.
Lakini nilipomuuliza hadithi iliishaje
alinitazama kama mimi ndiye mgeni wa mambo.
Akaniambia: hapa salio huisha."

Kitabu chake kilikuwa na ukurasa wa ishirini.
Akanifunulia. Nikausoma, midomo ikitembea.
Mistari minne tu.
Sikuupenda sana.

Hiyo ilikuwa Mei.
Novemba, usiku wa mvua, mwavuli wangu una mbavu mbili,
nimeshafungua ukurasa wa kwanza, nimekohoa,
Kerubo akanikata: "Leo wewe nyamaza.
Mwalimu amenipa nije nacho hadi kesho."
Nikasikia karatasi ikigeuzwa.
Karatasi ya kweli, ile sauti yake kavu.
"Ku. Ngu. Ru. Kunguru.
A. Li. Ko. Pa."
Nyakundi akamwambia aharakishe,
akamwambia anyamaze naye,
akaendelea. "Su. Fu."

Taa za gari zikaangaza geti.
Honi ikalia.
Nikaiziba simu nyingine ya sikio kwa kiganja,
nikaiacha honi ilie mara ya pili.
"Su-fu-ri."