Pia ya Goti

Chiromo, saa mbili asubuhi, formalini imeshatuwahi puani.
Daktari Wekhomba akainua kifupa cha mviringo
kati ya kidole gumba na cha shahada
kama mtu anayekagua njugu kabla ya kununua.
Patela, akasema. Kilatini. Kisahani,
kikaango kidogo cha Mrumi.
Tukaandika.

Kalamu yangu ilisita,
kwa kuwa kwetu kifupa hicho ni pia,
ile ya mbao, unaizungushia uzi, unaitupa,
nayo husimama kwa ncha moja
ikizunguka hadi udhani imetulia.

Mrumi alitazama goti akaona chakula.
Sisi tulitazama tukaona mchezo.
Nani alikuwa na njaa zaidi, sijui.

Mama yangu, Syombua, hufua makarai Kamukunji.
Miaka kumi na tisa ameyapigia mabati magoti,
nyundo yake ikiuliza, ya jirani ikijibu,
mpaka pipa la mafuta likubali kuwa sufuria.
Aprili, matope, akateleza
akaangukia ukingo wa fuawe.

Picha ya eksrei niliiinua dirishani,
nyuma yake mawingu ya Nairobi:
vipande vitatu,
kila kimoja kimeugeuzia mwenziwe kisogo.

Nikamweleza, nikijigamba kidogo
(karo ni yake, ana haki ya kuona inakokwenda):
Mama, ulichovunja, kwa Kilatini, ni sahani. Ndogo, ya kupikia.
Akautazama mguu wake kwenye plasta.
"Ndogo kiasi gani?"
Nikamwonyesha kwa vidole.
"Hiyo haina faida. Bati lote linaishia kwenye mikunjo."

Walipomwambia wamemfunga kwa waya,
wakausokota kwa koleo hadi vipande vikashikana,
hakuuliza kama itauma.
Aliuliza waya wa geji gani.

Siku hizi anafulia juu ya kigoda.
Goti likikunjwa hulia kidogo,
na yeye hulijibu, "Nimesikia."

Nami kwenye daftari la mazoezi,
chini ya mchoro niliouchora kwa penseli usiku,
niliandika: Patela. Kisahani. Pia.

Lilirudi Ijumaa, wino mwekundu pembeni,
mwandiko wa Daktari Wekhomba, wenye haraka:
Pia nini? Malizia sentensi.